Kicheko kilichobaki nje ya fremu

Ukifungua simu leo kutazama vichekesho vya Kiswahili, viwe vya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, jambo la kwanza litakalokugusa ni uzuri wa picha. Vijana waliokuwa wakirekodi kwa simu iliyoegemezwa kwenye ndoo sasa wana kamera za kubadilisha lenzi, taa za LED zinazotoa rangi yoyote, na programu za kuhariri zinazoipa picha sura ya filamu kubwa za Marekani, bluu kwenye vivuli na rangi ya machungwa kwenye ngozi. Watazamaji wanasifu kwamba kwaliti imepanda. Haohao, wakati huohuo, wanalalamika kwamba vichekesho vya siku hizi havichekeshi kama vya zamani, na lawama wanawatupia waigizaji na waandishi: vipaji vimekwisha, hakuna tena mtu kama King Majuto au Mzee Ojwang. Kauli hizi mbili husemwa kama mambo mawili yasiyojuana. Mimi naona ni jambo moja. Sehemu kubwa ya kicheko tunachokililia imepotelea pale kamera iliposimama na pale taa ilipoelekezwa. Tumeichukua picha ya filamu ya mapenzi na ya mapigano tukaivika kichekesho, ilhali kichekesho kina mahitaji yake: mwili uonekane, sababu na tokeo vikae ndani ya fremu moja, na mwanga umfikie anayetenda pamoja na anayetendwa.

Chukua mkasa huu. Ngazi imeegemea mwembe. Juu, katikati ya majani, yuko kijana anayeiba maembe. Mwenye shamba anapita chini, anaiona ngazi yake aliyoitafuta tangu asubuhi, anaitia begani na kwenda zake bila kuinua macho. Kijana, mfuko umejaa, anaanza kushuka kinyumenyume, mguu unapapasa hewani ukitafuta kipago cha kwanza. Mkasa huu ukipigwa kwa shoti moja, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa, kamera ikiwa mbali kiasi cha kuuona mti kuanzia shina hadi kilele, mtazamaji anaanza kucheka ngazi inapoinuliwa, na kicheko kinapanda kadiri mguu unavyoteremka. Ukiukata vipande, mkono wenye embe, uso wa mwenye shamba, ngazi inayoinuka, kiatu kinachopapasa, mtazamaji atapata habari yote, lakini ataipata kama mtu anayesomewa barua. Hakuna kipande hata kimoja ambamo kijana na ngazi inayoondoka wamo pamoja. Na kilichochekesha kilikuwa ni huko kuwamo pamoja: huyu hajui, yule hajui, sisi tunajua.

Waanzilishi wa sinema ya kuchekesha walilijua hili tangu enzi za filamu zisizo na sauti. Mwaka 1928, katika Steamboat Bill, Jr., Buster Keaton anasimama mbele ya nyumba wakati wa kimbunga. Ukuta wote wa mbele unamwangukia, na dirisha la juu lililo wazi linashukia palepale aliposimama, naye anabaki wima akiwa mzima. Ukuta ulikuwa wa kweli na mzito, na nafasi ya kumwokoa ilikuwa ya inchi chache tu kila upande. Kamera iko mbali, na tukio zima linakwisha bila kukatwa. Kama mhariri angetia mkasi katikati, hata mara moja, mtazamaji angehisi kwamba mwigizaji aliondolewa na kurudishwa, na ule mshtuko unaogeuka kicheko usingezaliwa. Charlie Chaplin naye, mwaka 1925 katika The Gold Rush, anachemsha kiatu chake na kukila kwa njaa, akizungusha kamba za kiatu kwenye uma kama tambi na kunyonya misumari kama mifupa ya kuku. Kamera haimsogelei hadi kuumeza uso wake. Inabaki pale ambapo mikono, sahani, meza na adabu zote za mlo wa kifahari vinaonekana, kwa sababu kichekesho ni kile kiatu kikiliwa kwa adabu hizo. Hata The Gods Must Be Crazy ya Jamie Uys, ya mwaka 1980, ambayo wengi wa rika langu tuliitazama katika mabanda ya video, ina makosa yake ya namna ilivyowachora Wasan, watu wa jangwa la Kalahari, na yamesemwa sana; lakini lile gari linalojivuta kwa winchi yake lenyewe hadi likaning'inia mtini linachekesha mpaka leo kwa kuwa tunauona mti, gari, na ardhi iliyoachwa chini.

Kwa upande wa taa, historia ina mtu mmoja ambaye ningependa kila mpigapicha wetu amjue. Karl Freund alikuwa bingwa wa vivuli. Ni mmoja wa waliopiga picha za Metropolis huko Ujerumani, filamu iliyotoka 1927, na baadaye akapiga Dracula ya 1931 kule Hollywood. Mwaka 1951 aliitwa kupiga kipindi cha televisheni cha I Love Lucy, kilichorekodiwa mbele ya hadhira kwa kamera tatu za filamu ya milimita 35 zikienda kwa pamoja. Mtu huyu aliyelijua giza kuliko wengi alichagua mwanga wa kuenea: taa zilitundikwa juu na kusawazishwa, ili kamera ya mbali na kamera za karibu zote zipate picha kwa wakati mmoja bila kusimamisha mchezo na kuhamisha taa. Watu huuita mwanga wa namna hiyo bapa, wa kivivu, wa televisheni. Hesabu yake ilikuwa nyingine. Lucille Ball, nyota wa kipindi hicho, aliweza kuruka kochi, kujificha nyuma ya pazia na kutokea mlangoni, na kila alipofika mwanga ulikuwa umemtangulia. Kamera moja ilimshika yeye, nyingine ikamshika mumewe akimtazama, katika sekunde ileile, na kicheko cha hadhira kikawa kipimo cha kujua kama jambo limefika.

Televisheni zetu zilirithi utaratibu huo. Vitimbi na Vioja Mahakamani vya KBC vilikaa katika seti chache zinazojulikana, taa za juu, kamera zenye kuona chumba. Katika ile mahakama, hakimu yuko pale, mshtakiwa kizimbani, shahidi anasubiri zamu yake, na macho yako yana uhuru wa kutoka kwa anayesema uongo kwenda kwa anayeusikia. Tanzania tulikuwa na Ze Comedy ya EATV, kisha Orijino Komedi ya TBC1, kundi zima likisimama pamoja ndani ya fremu, kila mmoja akiigiza hata asipokuwa na la kusema. King Majuto, aliyefariki 2018, alianzia jukwaani, na kwa mtu wa jukwaani mwendo, kuinama, na namna ya kugeuka ni maneno kamili. Picha za kanda zake nyingi zilikuwa hafifu, sauti ilikwaruza, rangi ilivuja. Tunapokumbuka kwamba zilichekesha, tunasema zilichekesha licha ya picha duni. Ubora wa rangi na mahali pa kamera ni vitu viwili. Picha ilikuwa duni kwa rangi, lakini kamera ilikuwa imesimama mahali pake.

Sisemi kwamba shoti ya karibu haina kazi katika kichekesho. Ina kazi kubwa sana, nayo ni kupokea. Oliver Hardy, baada ya kumwagiwa maji au kuangukiwa na tofali na mwenzake Stan Laurel, alikuwa anageuka polepole na kuitazama kamera moja kwa moja, kimya. Uso ule ulikuwa unampa mtazamaji nafasi ya kumaliza kucheka kabla ya balaa jingine. Kipindi cha Uingereza cha The Office, mwaka 2001, kiliurudisha mtazamo huohuo kwa kamera ya mkononi inayosogea ghafla kumshika mtu aliyeaibika. Utaona mpangilio: jambo linatokea kwa upana, kisha uso unalipokea kwa karibu. Klipu nyingi za sasa zinaanza na uso, zinaendelea na uso, zinamalizia na uso uleule ukiwa umevutwa karibu zaidi pamoja na sauti ya mshindo. Mtazamaji ameshakula nyusi na meno tangu sekunde ya kwanza, na pale uso unapotakiwa kuwa jibu, hakuna swali lililoulizwa.

Kibaya zaidi ni mtindo wa kufifisha mandhari ya nyuma. Zamani ulihitaji lenzi ya gharama kupata picha ambayo mtu wa mbele ni mkali na nyuma yake kila kitu kimeyeyuka. Tangu iPhone 13 ilipotoka mwaka 2021 ikiwa na namna ya kurekodi inayoigiza ukungu huo, jambo hilo limeingia mifukoni mwa watu, na limekuwa alama ya ufundi. Katika tamthilia lina maana: linamtenga mtu na dunia, linasema yuko peke yake na uchungu wake. Katika kichekesho, dunia iliyo nyuma ndiyo mwenzake wa kuchezea. Mama anakaanga maandazi huku akimsimulia jirani jinsi mwanawe alivyo mwadilifu. Nyuma ya bega lake, mwana huyo anachomoa maandazi kwenye beseni, moja, la pili, anaungua, anapuliza vidole, anachukua la tatu. Washa ukungu, na mtoto anageuka doa la rangi ya kahawia. Ili mtazamaji amwone, mwongozaji atalazimika kuhamishia ukali wa picha nyuma, yaani kumwambia mtazamaji atazame kule. Anayeoneshwa mzaha kwa kidole hacheki kama aliyeugundua mwenyewe. Jacques Tati wa Ufaransa aliijengea furaha hiyo ya kugundua filamu nzima, Playtime ya 1967, kwa filamu pana ya milimita 70, karibu bila shoti za uso, kila kona ya fremu ikiwa na mtu anayefanya lake.

Niliwahi kushika ubao mweupe wa kurudishia mwanga katika upigaji wa kichekesho kimoja uani kwa watu. Mkasa ulikuwa mfupi: fundi anajisifu, anarudi nyuma hatua tatu, anakalia beseni la dagaa walioanikwa. Ulipigwa kwa vipande kumi na zaidi, kutwa nzima, na picha zilikuwa nzuri kweli. Zilipounganishwa, hakuna aliyecheka, hata sisi tuliokuwapo. Mtoto wa nyumba ile alikuwa amekaa juu ya ukuta, akarekodi zoezi la kwanza kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Ndani ya ile klipu yake ya mbali fundi anaonekana mzima, beseni linaonekana, na mwenye dagaa anaonekana akiinuka kitini taratibu kwa sababu ameona linalokuja. Tuliirudia mara nyingi, tunafuta machozi. Huyo mwenye dagaa hakuwamo katika toleo lililohaririwa.

Nirudi kwenye taa, kwa sababu hapa sisi tuna jambo letu mahususi. Jua la saa sita mchana la Pwani linashuka wima, linaangaza paji la uso na kuyaacha macho ndani ya mashimo meusi. Na kichekesho cha uso kinaishi machoni. Kuna pia kosa la ukuta mweupe. Kamera ya simu hujipimia yenyewe wastani wa mwanga. Ikiona ukuta uliopakwa chokaa au anga tupu nyuma ya mtu, inapunguza mwanga wa picha yote, na uso wa ngozi nyeusi unageuka kivuli chenye meno. Wengi wanatibu kwa kuongeza taa kali ya duara usoni, na matokeo yake ni uso unaong'aa kwa jasho na macho yenye pete mbili nyeupe. Dawa ya bei rahisi ipo: mweke mtu barazani ambako mwanga wa nje unaingia kwa ubavu, nyuma yake uwe ukuta wa rangi ya udongo au mlango wa mbao, gusa uso wake kwenye skrini ili simu ipime pale, na upande wa pili simamisha shuka nyeupe au kipande cha boksi la friji kilichofunikwa karatasi. Ngozi nyeusi hupendeza kwa mwanga mpana unaoakisiwa, na mwanga mpana unaangaza nafasi, kwa hiyo mwigizaji anapata uwanja wa kutembea. Mwanga wa kuenea ambao Freund aliuhitaji kwa ajili ya kamera tatu, sisi tunauhitaji hata kwa kamera moja.

Hoja nzito dhidi yangu ni kwamba zipo filamu za kuchekesha zilizopigwa gizani na zikafanikiwa. Ni kweli. Dr. Strangelove ya Stanley Kubrick, 1964, ina chumba cha vita chenye meza kubwa ya duara, taa ya duara juu yake, na giza totoro pembeni. Gordon Willis, mpigapicha wa The Godfather, ndiye aliyepiga Manhattan ya 1979, na humo kuna mazungumzo katika jumba la sayari ambapo wapenzi wawili wamebaki kuwa vivuli tu. Nimezifikiria sana filamu hizi, na nakubali kwamba zinanilazimisha kuirekebisha kanuni. Katika Manhattan utani uko kwenye maneno. Sikio linafanya kazi na jicho linapumzika. Katika Dr. Strangelove giza linaushikilia uzito wa mambo: wakubwa wanajadili mwisho wa dunia, taa inasema hili si la mchezo, kisha midomo yao inatoa upuuzi. Mwanga umekataa kucheka ili maneno yachekeshe zaidi. Huo ni uamuzi wa makusudi, umepimwa na skripti. Kinachofanyika katika klipu nyingi zetu ni taa ya bluu ukutani na ya machungwa shavuni katika mkasa wa mtu anayegombania chenji ya daladala. Rangi ile haipingani na maneno wala haiyasaidii. Imekuja kwa sababu kifaa kinaweza kuitoa.

Hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayosikika zaidi, ni kwamba mchekeshaji mwenye kipaji huchekesha hata ukimpiga kwa kamera ya namna gani. Wanaoisema hutoa ushahidi wa redio: Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania walichekesha taifa bila sura. Ushahidi huo unawageuka. Pwagu na Pwaguzi walichekesha kwa sababu kila kitu chao kiliundwa kwa ajili ya sikio: sauti mbili zisizofanana, mijadala ya haraka, ukimya wa kumwacha msikilizaji achore picha mwenyewe. Walikiheshimu chombo chao. Mchekeshaji wa mwili anayekatwa kiunoni na fremu amepokonywa chombo chake, na kipaji hakiwezi kupita pale ambapo picha haipo. Tunapomwambia kijana kwamba kipaji kinatosha, tunamnyima elimu ambayo Keaton na Chaplin waliitafuta kwa miaka, kisha anapokosa kuchekesha tunamwambia hana kipaji.

Je, kwa nini basi kamera zetu zimeng'ang'ania nyuso? Udogo wa skrini ya simu ni sababu, lakini nadhani kubwa zaidi ni sauti. Kipaza sauti cha simu kinasikia vizuri kilicho karibu; ukirudi hatua sita, bodaboda na muziki wa jirani vinayafunika maneno. Kamera inasogea mbele kufuata sauti, na kila mtu anadhani ni uamuzi wa picha. Kisha kuna chumba: nyumba za kupanga zina vyumba vya futi kumi kwa kumi, ukirudi nyuma unagonga kabati. Kuna pia mazoezi. Shoti ya karibu inavumilia mwigizaji asiyejua maneno, kwa kuwa utaunganisha vipande. Shoti pana ya dakika nzima inadai watu wanne wajue wanasimama wapi, lini, na wanatazama nini, na hilo ni siku mbili za mazoezi ambazo hakuna anayezilipia. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo anayefikiria kununua kamera mpya, ningemshauri anunue kwanza vipaza sauti vidogo vya kubana kwenye nguo, kisha awalipe waigizaji posho ya mazoezi. Vitu hivyo viwili ndivyo vitakavyoirudisha kamera nyuma.

Na wanaonunua kazi, yaani stesheni za televisheni na majukwaa ya mtandaoni, wanaweza kusaidia kwa kubadili wanachouliza. Kigezo cha ubora kinachotangulizwa ni ukali wa picha, 4K au si 4K. Mpigapicha anaitwa siku ya kupiga, skripti anaiona asubuhi hiyo, naye kwa haki anafanya anachokijua, picha ya kupendeza. Angekaa kwenye mazoezi angeona mtu anacheka wapi na anamcheka nani, na angeweka kamera mahali ambapo wote wawili wapo. Vyuo vinavyofundisha sanaa za maonyesho, kama TaSUBa ya Bagamoyo, vina waigizaji wenye miili iliyofunzwa kwa ngoma na jukwaa. Ni hasara kubwa miili hiyo kufika kwenye skrini kuanzia mabega kwenda juu.

Wapo watakaosema simu ya kusimama wima imelimaliza jambo hili, kwamba fremu nyembamba ya tisa kwa kumi na sita haina nafasi ya shoti pana. Keaton na Chaplin walifanya kazi ndani ya fremu ya nne kwa tatu, karibu ya mraba. Hawakuwa na upana wa skrini za leo. Walikuwa na umbali. Na fremu ya wima ina kipaji chake ambacho bado hatujakigusa vya kutosha: ngazi za ghorofa, dirisha la juu na mtu aliye chini yake, mrefu na mfupi wakisimama mbele na nyuma, mnazi na mgema. Ule mwembe wetu hauingii vizuri kwenye skrini ya sinema. Matawi yatakatwa au shina litakatwa. Kwenye simu iliyosimama unaingia wote, kijana juu kabisa kati ya majani, mwenye shamba chini kabisa, na ngazi katikati ikianza kuondoka. Kinachotakiwa ni mpigapicha arudi nyuma hadi ukingo wa barabara, azime ule ukungu, asubiri jua lishuke hadi saa kumi ili mwanga uingie chini ya matawi na macho ya kijana yaonekane, kisha aache kamera itazame mpaka mguu umalize kutafuta.